Macho yananiuma nikifanya kazi kwenye kompyuta gizani. Nifanyeje?

SWALI: Natumia kompyuta mpakato kuanzia saa 3 usiku hadi saa 6, taa zimezimwa kwa sababu ninaokaa nao chumba kimoja wamelala. Nimeshusha mwangaza wa skrini hadi mwisho na kuweka mandhari meusi, lakini hali imezidi: macho yanawasha kama yameingia mchanga, herufi zinaonekana zina ukungu, na kichwa kinagonga. Je, skrini inaniharibu macho? Ninunue miwani ya kuzuia mwanga wa bluu?

JIBU: Skrini haikuharibu macho, inayachosha tu. Ila hizo hatua mbili ulizochukua ndizo ninazozishuku kwanza.

Gizani mboni ya jicho hutanuka ili iingize mwanga zaidi. Ikitanuka, mwanga hupita hadi pembezoni mwa konea (utando angavu wa mbele ya jicho) na lenzi, ambako haupindwi sawasawa na ule wa katikati, na taswira hupoteza ukali. Mandhari meusi yanapunguza mwanga na mboni inazidi kufunguka, kisha maandishi meupe "yanavuja" kwenye weusi unaoyazunguka. Mwenye astigmatizimu, yaani konea isiyopinda sawa pande zote, husumbuliwa zaidi na ukungu huo. Rudisha maandishi meusi, ila mandharinyuma yawe ya kijivu hafifu au krimu badala ya weupe mkali.

Halafu washa taa. Si ya darini: taa ndogo ya LED ya wati 3 hadi 5, iweke nyuma ya skrini ikimulika ukuta, balbu yenyewe usiione. Skrini itawakinga kidogo waliolala. Usiiweke nyuma yako, itaakisi kwenye kioo cha skrini. Ikishawaka, shika karatasi nyeupe kando ya skrini. Skrini ikionekana kama taa ukilinganisha na karatasi, ishushe; ikionekana imefifia kama kitambaa kichafu, ipandishe.

Kuhusu kichwa, kuna jambo wengi hawalijui. Baadhi ya skrini hazipunguzi mwangaza kwa kufifisha taa zake za ndani, bali kwa kuziwasha na kuzizima mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Unavyozidi kushusha, ndivyo zinavyokaa zimezima muda mrefu zaidi kila mzunguko. Jicho halitambui, lakini baadhi ya watu huumwa kichwa. Kupima: fungua ukurasa mweupe, shusha mwangaza hadi chini, kisha elekeza kamera ya simu kwenye skrini. Kama simu inakuruhusu kuchagua kasi ya kufunga lenzi (shutter speed), weka 1/1000 ya sekunde. Michirizi myeusi ikitokea, pandisha mwangaza kidogo kidogo hadi ipotee au ififie sana, na uishie hapo. Ukiona bado ni mkali, tumia programu inayotia giza picha yenyewe bila kugusa taa za ndani.

Mchanga unaousikia ni ukavu. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Akikazia skrini huweza kushuka hadi nusu au chini ya hapo, tena kope mara nyingi hazifungi zote. Kila dakika 20 tazama mbali, mita 6 au kona ya mwisho ya chumba, kwa sekunde 20, na ufumbe macho kikamilifu mara kadhaa. Katikati ya skrini pawe chini ya usawa wa macho, kama sentimita 16 hadi 22 ukiwa umekaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini: ukitazama chini kope hufunika sehemu kubwa zaidi ya jicho. Feni isikupulize usoni. Ukitumia machozi bandia (matone ya kulainisha macho) zaidi ya mara 4 kwa siku, chagua yasiyo na kihifadhi. Matone ya kuondoa wekundu yaache, hayatibu ukavu.

Ukijikuta unainama mbele, kuza maandishi kwa Ctrl na + badala ya kusogeza uso. Na kama umevuka miaka 40, huenda miwani yako ya kusomea imepimwa kwa sentimita 40, ndiyo maana inakuvuta mbele. Mwambie mpimaji umbali wa skrini yako.

Miwani ya bluu? Bakisha pesa zako. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi ikilinganishwa na lenzi za kawaida.

Lakini ukiwa gizani jicho likauma vikali, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa na kichefuchefu kikaja, huo si uchovu. Mboni iliyotanuka inaweza kuziba njia ya maji ya ndani ya jicho na presha yake ikapanda ghafla. Nenda hospitali usiku huohuo.