Mkate wa dukani kuota ukungu haraka: anza kuangalia ndani ya nailoni

Kuna dada kaniandikia inboksi jana usiku, anauza chai asubuhi huko Tanga, anasema mikate ya slesi anayonunua dukani siku ya pili tu inaota madoa ya kijani, hasa masika haya, anaomba nimsaidie. Nimemjibu, ila naandika na hapa kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnapambana na biashara ya vitafunwa kama mimi, na faida yetu iko kwenye zile slesi za mwisho mwisho.

Mimi nilianza na meza na chupa za chai Mbagala, leo napeleka chai na vitafunwa maofisini na najivunia kabisa. Ila kuna kitu hakijanitoka moyoni. Kuna msambazaji alikuwa ananiletea mikate alfajiri, mingine imefungwa ikiwa ya moto mpaka unaona matone ya maji ndani ya nailoni, nikimwambia ananijibu mkate wa moto ndio freshi. Kumbe alikuwa anachanganya na ile iliyobaki siku za nyuma. Ofisi moja wakaagiza mikate mizima na siagi wajipakie wenyewe, mtu akafungua, slesi za katikati zina ukungu, akapiga picha akatupia kwenye grupu lao la WhatsApp. Msambazaji hata pole hakunipa, na mimi ndio nikaitwa mchafu. Inauma mpaka leo.

Baada ya pale nikawa nawauliza waokaji wenyewe mpaka nikaelewa. Joto la oveni linaua ukungu wote, mkate unatoka msafi, tatizo linaanza pale unapopoa, unapokatwa na kufungwa, maana mbegu za ukungu zinaelea hewani na ziko kwenye visu na mikono. Slesi ndio inawahi zaidi kuliko mkate mzima sababu imeguswa kila upande. Ukifungwa una joto, mvuke unageuka maji na ukungu unapenda maji, halafu sisi wa pwani hewa yenyewe ina unyevu na joto. Kwahiyo ukinunua kamata mkate, ukiwa na uvuguvugu au nailoni ina matone ya maji ndani, rudisha, usione aibu. Soma na lebo, ukiona kalisiamu propioneti au E282 hiyo ni dawa ya kuzuia ukungu, utakaa zaidi kidogo, mikate mingi ya bekari za mtaani haina.

Nyumbani weka sehemu kavu, mbali na jiko, mbali na ndizi zilizoiva sana, na usiingize mkono wenye maji kwenye mfuko jamani, hili nalisema kila siku. Chombo cha mkate toa makombo, futa na siki, kikauke ndio urudishe mkate. Friji inachelewesha ukungu ni kweli, lakini mkate unakuwa mgumu haraka kuliko ukiuacha nje. Friza ndio mkombozi, fungasha slesi za kutosha matumizi ya asubuhi moja moja, ukitaka unazitoa zikiwa na barafu hivyohivyo unazipeleka kwenye tosta au kikaangoni, mteja hajui tofauti. Kama huna friza nunua kidogo kila siku, usirundike eti kwa sababu bei ya jumla ni nzuri.

Na hapa naomba tusikilizane. Kukata kipande chenye doa halafu kilichobaki unampa mtoto, acha. Mkate ni laini, nyuzi za ukungu zinakuwa zimeshatembea ndani kabla hujaona rangi, na kuchoma tosti hakuondoi sumu kama ipo. Si kila ukungu una sumu, ila kwa macho huwezi kutofautisha. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu (ukungu), ya kwenye mahindi, sisemi mkate utakufanya hivyo, nasema kuvu sio kitu cha kubahatisha tumboni mwa mtu. Tupa mkate wote na mfuko wake. Na kuku nao msiwape.