Kuchagua rangi za floo saitometri: ifunge katalogi kwanza

Wengi wetu katika maabara za Afrika Mashariki tuliijua floo saitometri, yaani kupima seli moja moja zikipita mbele ya leza huku zimeshikwa na kingamwili zenye rangi zinazong'aa, kupitia kuhesabu seli za CD4 za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kazi ambayo vitendanishi vyake huja vikiwa vimekwisha kupangwa na mtaalamu hufuata maelekezo tu. Anayetoka hapo na kuingia kwenye utafiti wa rangi nane au zaidi hujikuta akiamua kila kitu mwenyewe, na kishawishi cha kwanza ni kufungua katalogi. Mimi hushauri aifunge kwanza, amuulize msimamizi wa mashine ina leza zipi na kila leza ina vigunduzi vingapi, vyenye vichujio vya nanomita ngapi. Rangi ya BV421, kwa mfano, huamshwa na leza ya urujuani ya nanomita 405. Mashine yenye leza ya buluu ya 488 na nyekundu pekee haiwezi kuitumia, hata kama bei yake ilikuwa nafuu.

Baada ya mashine, ziangalie seli zenyewe. Alama za CD4 na CD8, yaani protini zinazotambulisha seli, zimejaa kwenye utando wa seli T, kwa hiyo rangi hafifu kama FITC inazitosha, ilhali CD25 na PD-1, ambazo mara nyingi ni chache, zinastahili rangi kali kama PE. Kanuni hiyo inafahamika, lakini haitoshi, kwa sababu mwanga wa kila rangi humwagika pia kwenye vigunduzi vya jirani. Fidia inayokokotolewa na programu huondoa wastani wa mwanga huo, haiondoi mtawanyiko wake, na mtawanyiko ndio unaozifunika alama hafifu. Rangi mbili zinazoingiliana sana ni afadhali uzigawie alama zisizokaa kwenye seli moja, kama CD19 ya seli B na CD3 ya seli T.

Rangi za tandemu, yaani mbili zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, ndizo zinazonifanya niwe mkali kwa wanafunzi. Katika PE-Cy7, PE hupokea nishati ya leza na kuipitisha kwa Cy7, ambayo hutoa mwanga karibu na nanomita 780. Mwanga wa chumba, joto na dawa za kuhifadhi seli zisiharibike kama fomaldehidi hudhoofisha muungano huo, na hapo PE huanza kung'aa kwenye kigunduzi chake yenyewe. Ukiona seli zenye CD4 ya PE-Cy7 zikipanda kwa mshazari kuelekea upande wa PE, kana kwamba zote zina CD25, ishuku tandemu kabla ya kuishangilia biolojia. Mirija ya fidia, yenye rangi moja moja ya kukokotolea fidia hiyo, itumie kingamwili kutoka chupa ileile na ipitie dawa na muda uleule wa sampuli. Chupa ifunikwe karatasi ya alumini na ikae kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, isigandishwe kamwe.

Iwapo unatumia rangi mbili au zaidi za jamii ya Brilliant Violet (BV), nunua pia bafa yake maalumu, maana hunatana zenyewe kwa zenyewe. Rangi ya kutambua seli zilizokufa usiifanye ya ziada, kwani seli hizo hushika kingamwili ovyo. Kama utahifadhi sampuli kwa dawa kama fomaldehidi, 7-AAD haifai, chagua inayoshikamana na amini za protini. Methanoli, kwa upande wake, huharibu rangi za PE na APC.

Kiasi kilichoandikwa kwenye chupa nacho kipimwe upya. Jaribu mikrolita 5, 2.5, 1.25 na 0.6 kwa idadi ileile ya seli, kisha uchague kile kinachozitenga vizuri zaidi seli zenye alama na zisizo nayo, ambacho mara nyingi si kile kinachong'aa kuliko vyote. Kwetu, ambako vitendanishi vingi huagizwa kutoka nje, chupa moja inaweza kuhudumia mradi mara mbili zaidi kwa njia hiyo.

Mrija wa kulinganishia, wenye rangi zote isipokuwa ile ya alama inayochunguzwa, uandaliwe kwa CD25 na PD-1, ambazo mpaka kati ya seli zenye alama na zisizo nayo hauonekani kwa macho. CD3 haiuhitaji, kwa kuwa makundi yake hujitenga yenyewe.