Utomvu wa Mipaina Umeharibu Boneti ya Gari Langu

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu huku Mafinga, na gari langu, Toyota ya rangi ya fedha, hulala chini ya mipaina kwa kuwa sina banda. Kiangazi chote utomvu umekuwa ukidondokea boneti na paa hadi ukakauka kabisa. Kijana anayenioshea gari aliukwangua kwa wembe, kisha akamalizia kwa waya wa kusugulia masufuria na thina ya kuyeyushia rangi. Utomvu wa boneti ulitoka, lakini sasa pana sehemu iliyofifia yenye ukubwa wa sahani, na pembeni yake mkwaruzo unaoonyesha bati. Paa sijaruhusu liguswe. Je, utomvu uliobaki niutoeje, na boneti ni lazima ipakwe rangi upya yote?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Umefanya jambo la maana kulizuia paa lisiguswe, kwa sababu mara nyingi si utomvu unaoiumiza rangi, bali haraka ya kuuondoa. Utomvu wa mpaina hauyeyuki kwa maji wala kwa sabuni, na kabla haujakauka huwa umekwisha kunasa vumbi na mchanga, kwa hiyo anayeukwangua anasugua mchanga huo juu ya klia. Na klia yenyewe, ile tabaka angavu iliyo juu ya rangi, kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, pungufu ya unene wa unywele. Ikiisha haioti tena.

Anza na paa. Liegeshe gari kivulini mpaka bati lipoe, ulioshe kwa maji mengi na sabuni ya magari ili vumbi lote litoke, kisha ulikaushe. Nunua spiriti katika duka la dawa, ulowanishe kitambaa safi cha pamba na kukilaza juu ya tone la utomvu kwa muda wa dakika moja hivi bila kusugua. Utaona ukingo wa tone unaanza kulainika na kunata kwenye kitambaa. Hapo ulinyanyue kwa kulivuta upande mmoja, ugeuze kitambaa upate sehemu safi, na urudie. Tone kubwa litahitaji kurudiwa mara kadhaa, na lile nene sana ulitangulizie kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto kiasi. Likishalainika unaweza kulisukuma kwa ukingo wa kadi ya plastiki iliyolazwa, lakini wembe usiuguse tena. Ukimaliza, osha paa kwa maji na sabuni, kisha lipake nta ya magari, kwa sababu spiriti huondoka pia na nta iliyokuwa ikiilinda klia.

Kuhusu thina, nakusihi uiache. Rangi ya kiwandani iliyokomaa inaweza kustahimili mguso wake wa haraka, lakini magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika, na hujui ni mlango upi au boneti ipi iliwahi kupuliziwa upya kwa rangi isiyochanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha rangi iwe ngumu. Rangi ya namna hiyo ikikutana na thina huyeyuka palepale na kubaki kwenye kitambaa. Hata spiriti ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa buti. Taa za mbele nazo zisikaribiwe na thina, kwani plastiki yake hupasuka nyufa ndogondogo ambazo hazina dawa.

Sasa boneti. Imwagie maji ile sehemu iliyofifia uitazame. Ikiwa inang'aa ikiwa imelowa na kufifia tena inapokauka, mikwaruzo imeishia ndani ya klia, na hiyo ni habari njema: fundi ataipitia kwa msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, kwa mkono mwepesi na maji yasiyokatika, kisha kompaundi, ile krimu ya kusugulia rangi, na polishi. Akae macho na kusimama mara mikwaruzo inapopotea, kwa maana kila pasi ya msasa inaipunguza klia ileile chache iliyobaki. Lakini ikiwa panabaki na weupe hata pakiwa pamelowa, au ukipasugua polepole kwa kitambaa chenye kompaundi kinatoka na rangi ya fedha, basi klia imekwisha na polishi haitasaidia kitu.

Katika hali hiyo si lazima boneti ikwanguliwe mpaka kwenye bati. Rangi hupulizwa pale palipoharibika tu na kufifizwa kuelekea pembeni, ila klia ipulizwe boneti nzima hadi kwenye kingo zake. Fundi akikuambia atapuliza klia kipande cha katikati pekee, mkatae kwa adabu, maana mstari wa mahali klia ilipoishia utaonekana baadaye, na kwa kawaida hapo ndipo inapoanza kubanduka.

Mkwaruzo uliofika kwenye bati usisubiri. Asubuhi za Mafinga zina ukungu na unyevu, na kutu ikishaanza huingia chini ya rangi nzima iliyo jirani. Kutu yote itolewe kwa msasa mdogo ndani ya mkwaruzo, pafutwe kwa spiriti, kisha praima (rangi ya msingi inayoshika bati), rangi, na klia, kila tabaka nyembamba ikisubiri ile ya chini yake ikauke. Namba ya rangi iko kwenye kibati kilicho ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Sitaki nikufiche jambo moja: rangi ya fedha ni ngumu kulinganisha kuliko nyingi, kwa sababu chembe zake za metali hulala tofauti zikipakwa kwa brashi na zikipulizwa. Kwa hiyo kama boneti itapuliziwa, mkwaruzo huo ushughulikiwe siku hiyohiyo. Mwombe fundi achanganye kwa namba, si kwa macho pekee, apulize kwanza kwenye kipande cha bati, nawe ukilinganishe na gari nje kwenye jua kabla hajagusa boneti.

SWALI: Huku Tanga naegesha chini ya mwembe, na wakati wa maua gari hujaa vitone vinavyonata, kisha vinageuka vyeusi. Nitumie nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, hivyo kwa kawaida si utomvu wa mwembe. Ni majimaji ya sukari yanayotolewa na wadudu wadogo wanaofyonza majani na maua, na weusi ni ukungu unaoota juu ya sukari hiyo. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya magari yanatosha, mradi uoshe kila baada ya siku chache. Utomvu unaochuruzika kutoka kwenye kikonyo cha embe ni habari nyingine: unachoma hata ganda la tunda lenyewe, kwa hiyo ukiuona uoshe siku hiyohiyo. Na usilifunike gari lenye vumbi kwa turubai, kwa sababu upepo ukilitikisa litaikwaruza rangi usiku kucha.