Ua lisilongoja nyuki: majibu kwa wasomaji

Nyanya zangu ziko kwenye ndoo, ghorofa ya nne Kariakoo. Nyuki siwaoni, lakini zinazaa. Inakuwaje? (Mama wa Kariakoo)

Zinajichavusha, mama. Kwenye ua la nyanya sehemu za kiume zimeungana kama mrija, na ile ya kike imejificha humo ndani. Upepo ukitikisa ua, chavua, yaani ule unga wa kiume, inadondokea pale pale. Jamaa zake kadhaa wa porini, Amerika Kusini, bado huchomoza stigma, ile ncha ya kike inayopokea chavua, nje ya mrija kungoja chavua ya mmea mwingine. Siku upepo ukitulia, gonga shina kwa kidole.

Shikamoo. Kama kujichavusha ni rahisi hivyo, kwa nini mimea yote isifanye? (Mwanafunzi, Temeke)

Marahaba mwanangu. Swali hili mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alilifanyia majaribio miaka 11, akachapisha majibu mwaka 1876. Alichukua mmea wa jamii ya kiazi kitamu, akakuza sambamba watoto wa wazazi wawili na watoto wa kujichavusha. Kwa wastani wa vizazi 10, wale wa kwanza wakifika inchi 100, wa pili waliishia 77. Mzazi akiwa mmoja, nakala mbili za jeni ile ile mbovu hukutana kwa urahisi ndani ya mbegu moja.

Lakini pasipo na nyuki wala mwenza, heri mbegu dhaifu kuliko kukosa kabisa. Ndiyo maana tabia hii imezuka mara nyingi, katika koo zisizohusiana. Vizazi vikipita, ua hubadilika: petali husinyaa, chavua hupungua, harufu na mbochi, ule utamu wanaoufuata nyuki, hufifia, kwa kuwa hakuna mgeni wa kukaribishwa. Kinachonigusa zaidi ni kwamba uwezo wa kukataa chavua yako mwenyewe ukishapotea, ni nadra sana kurudi.

Pasheni yangu ya njano imetanda ukutani, maua tele, tunda hakuna. Niongeze mbolea? (Kigamboni)

Mbolea iache kwanza, ndugu yangu. Pasheni ya njano huikataa chavua yake. Hata kipande ulichokata hapo ukakiotesha hakisaidii, ni mmea ule ule. Panda mwingine uliotoka kwenye mbegu, na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao usiwafukuze.

Naweza kutunza mbegu za kunde zangu? (Mbagala)

Tunza. Kunde hujichavusha karibu zote, mbegu hazigeuki. Mahindi ni habari nyingine: chavua yake husafiri na upepo, na shamba la jirani huenda tayari limo kwenye gunzi lako.