Jibu: Jaji kuwatoa watu nje ni sheria kweli

Ndugu yangu, umeuliza kama kile kipande kwenye filamu ya Kitelugu, jaji anapowatoa watu wote nje kabla yule dada aliyebakwa hajatoa ushahidi, ni sheria ya India au ubunifu wa mwongozaji tu. Ni sheria, na ina historia inayouma.

Mwaka 1972, jimboni Maharashtra, msichana wa jamii ya Adivasi, yaani wenyeji wa asili wa India, alisema amebakwa na polisi ndani ya kituo. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ikawaachia huru askari wale. Hoja ya majaji? Mwilini hakuwa na majeraha, kwa hiyo hakupinga! Wanawake wakaingia barabarani. Mwaka 1983 sheria ikabadilishwa: kesi za ubakaji zisikilizwe faraghani, na tendo likithibitika kufanywa na polisi, mwanamke akisema hakuridhia, mahakama ianze kwa kumwamini.

Hata pale kwenye filamu wakili wa yule dada anaporuka kupinga maswali kuhusu wanaume wake wa zamani, yuko sahihi. Tangu 2013 sheria ya ushahidi inasema wazi kwamba mambo hayo hayana uzito kwenye suala la ridhaa.

Irudie ile sehemu, tafadhali. Bajeti ndogo imeisaidia sana: hakuna muziki, ni feni ya darini tu, mabenchi matupu, na vidole vyake vinavyokunja pindo la sari kila wakili akifungua mdomo. Mimi nilisimamisha video hapo nikavuta pumzi.