Kuhusu zile sigarilo za vanila

Mwanangu,

Umeniuliza jambo moja fupi: umeona pale dukani karibu na kwako sigarilo, zile sigara ndogo zinazoviringishwa kwa tumbaku badala ya karatasi, za bei ya chini, za vanila na za zabibu, na unataka kujua kama ukivuta mbili kwa siku badala ya pakiti yako ya sigara utakuwa umepunguza madhara. Ngoja kwanza nikueleze jani, maana bila jani hesabu ya mbili au ishirini haina kichwa wala miguu.

Sigara unayovuta hutegemea sana jani lililokaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kama lile la kwetu Migori, kwa joto la kuni linalopita kwenye mabomba. Jani hilo hubaki na sukari, na moshi wake una asidi kidogo. Nikotini ya moshi wa namna hiyo haipenyi vizuri mdomoni, ndiyo sababu mvutaji wa sigara huushusha hadi mapafuni. Jani la sigarilo hukaushwa kwa hewa, kisha huvundikwa. Sukari huisha, na moshi huwa wa alkali. Huo hupenya kwenye ngozi laini ya mdomo, kwa hiyo mzee wa sigara kubwa ya jani anaweza kujaza mashavu, akapuliza nje, na bado akatosheka. Lakini kule kuvundikwa ndiko kunakoongeza nitrosamini, na hizo ni kemikali za saratani. Hata asiyeshusha moshi huhatarisha mdomo, koo na umio.

Sasa uzito. Sigara moja ina tumbaku isiyofika gramu 1. Sigarilo huwa na kati ya gramu 1.3 na 2.5. Mbili zako, kwa tumbaku, zinaweza kuwa sawa na sigara nne hadi saba. Hilo si baya ukilinganisha na pakiti nzima, nakubali. Lakini pafu halisomi pakiti, nimekuambia tangu ukiwa chuo. Linahesabu moshi uliofika, na umefika vipi.

Itazame ile sigarilo kabla hujaiwasha. Kama ganda lake ni la rangi moja, laini, halina mishipa, basi si jani zima. Ni tumbaku iliyosagwa ikageuzwa karatasi. Ganda la namna yoyote, liwe jani au hiyo tumbaku iliyosagwa, halipitishi hewa kama karatasi ya sigara, kwa hiyo moto hukosa pumzi na moshi hubeba kaboni monoksidi zaidi. Kile kitamu unachokisikia midomoni ni dawa ya utamu iliyopakwa kwenye ncha. Na ukikuta nyembamba yenye filta, umbo la sigara kabisa ila rangi ya kahawia, hiyo hata usiiite badala. Ni sigara iliyobadilishiwa koti.

Unajua kwa nini ladha hizi zimejaa upande huo? Marekani, mwaka 2009, walipiga marufuku sigara zenye ladha, wakaacha mentholi, na hawakuzigusa zile za jani. Mwaka huohuo kodi ya sigara ndogo za jani ilipanda. Kisheria, "ndogo" ni zile zisizozidi ratili 3 kwa kila 1,000, yaani takriban gramu 1.36 kwa moja. Watengenezaji wengine wakaongeza uzito kidogo tu, zikahesabiwa kuwa kubwa, zikatozwa kodi kwa asilimia ya bei. Bei ikabaki chini. Kwa hiyo unapofurahia unafuu, ujue ulitengenezwa na wahasibu.

Na hapa, mwanangu, siwezi kumruka baba yako mdogo. Unakumbuka siku ya mahari ya dada yako, alivyowatangazia wakwe kwamba ameacha sigara, huku ameshika ile yenye ncha ya mbao? Nyanya yako, ugoro wake kiganjani, aliomba pakiti, akainusa, akauliza, "Hii ni ya kuvuta au ya kutia kwenye chai?" Watu walicheka hadi wapishi wakatoka jikoni. Baba yako mdogo naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika mlingoti wa hema, na wakwe wakaangalia pembeni kwa heshima. Nyanya ananifurahisha hadi leo. Wale wakwe kuangalia pembeni, hapo bado panauma. Baba yako mdogo alikuwa akiushusha moshi kila mvuto, kama alivyofanya na sigara za Sportsman miaka yote. Vanila ilikuwa imeficha ukali ambao ungemkwaruza koo na kumzuia.

Basi kama utajaribu, na sijasema ujaribu, fanya kama inavyotakiwa. Usivute tumbo likiwa tupu. Shika moto chini ya ncha bila kuugusisha, zungusha hadi duara lote liwake. Vuta taratibu, mara moja kwa dakika, moshi ukae mdomoni, utoke. Ukiharakisha, joto hupanda, ulimi huungua, vanila hupotea na kubaki uchungu. Ikizimika, ni kawaida, haina vichocheo vya kuwaka kama vilivyo kwenye karatasi ya sigara. Kung'uta majivu, iwashe tena mapema. Ile ya jana ina ladha ya jivu bichi. Pakiti ikishafunguliwa ifunge vizuri, maana Januari ya Nairobi hukausha ganda likapasuka, hewa ikaingia ubavuni na moto ukaenda upande mmoja. Ukihisi jasho baridi, kichwa kuzunguka na kichefuchefu, hiyo ni nikotini iliyozidi: zima, keti, kunywa maji.

Tena kuna mambo ya mji. Sigarilo ikivutwa vizuri huchukua dakika kumi na tano hivi, pengine zaidi. Sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 haikuruhusu kuvutia barabarani Moi Avenue. Ni kwenye vile vibanda vilivyotengwa. Na mapumziko yako ya kazini ni mafupi. Utafanya nini? Utaharakisha, na ukiharakisha utaushusha.

Nabishana na nafsi yangu hapa. Mtu ambaye hajawahi kuvuta sigara, anayevuta ya jani Jumamosi bila kushusha, hatari yake ya saratani ya mapafu ni ndogo kuliko ya mvuta sigara. Hilo ni kweli, na nisipolisema utalisoma kwingine uniite mwongo. Lakini waliotoka kwenye sigara huenda na mazoea yao. Pafu halisomi pakiti. Wewe ni mtu mzima, uamuzi ni wako, na ulimi wangu nimeushika kwa meno.

Ila ungeniuliza nini kinaweza kushika nafasi ya sigara, ningekuambia bazoka, yaani chingamu, ya nikotini ya duka la dawa. Ipo ya miligramu 2 na ya 4. Itafune polepole hadi uhisi pilipili, ibane kati ya shavu na ufizi, hisia ikiisha tafuna tena, kama nusu saa. Moja kila saa moja au mbili kwa wiki 6 za kwanza, zisizidi 24 kwa siku. Dakika 15 kabla, usinywe kahawa, soda wala juisi, kwa kuwa asidi huzuia nikotini kupenya mdomoni, kama nilivyokueleza kuhusu moshi. Wengi huitafuna kama peremende, wakaimeza nikotini, wakapata kwikwi na kiungulia, wakasema haifanyi kazi. Ukitaka mtu wa kuongea naye asiye baba yako, NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192.

Nijibu kitu kimoja tu: ukiamka, ile sigara ya kwanza unaiwasha baada ya dakika ngapi? Ikiwa ni chini ya 30, chukua ya miligramu 4. Zikizidi, ya 2 inatosha.

Baba yako