"Dog-eat-dog": iandikwe vipi, na itumike wapi?

SWALI: Ndugu mhariri, katika ripoti yangu ya Kiingereza niliandika kwamba kampuni mbili zinazokaribiana sana kwa mauzo "are in a dog eats dog". Msimamizi wangu ameizungushia kalamu nyekundu bila maelezo. Kosa ni hiyo "s", au kuna zaidi?

JIBU: Kuna zaidi, ndugu yangu, na hilo la "s" ndilo jepesi. Msemo huu umeganda: haupokei "s", hauendi wakati uliopita, wala mbwa wake hawaongezeki. Hata ukisimulia mambo ya zamani utaandika "It was a dog-eat-dog industry". Vile vistari viwili vipo kwa sababu maneno matatu yanafanya kazi ya kivumishi kimoja, na kivumishi hicho kinataka nomino ya kuegemea: world, business, industry. Wewe uliweka "a" kisha nomino yenyewe haikuja. Unaweza pia kuandika "The market is dog-eat-dog", lakini hapo "a" haiingii.

Lililo zito ni maana. Varro, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 KK, aliinukuu methali ya Kilatini isemayo mbwa hali nyama ya mbwa. Waingereza wameipindua: mambo yameharibika hadi linatendwa lile ambalo hata mbwa hamfanyii mwenzake. Ni ushindani wa mwenye nguvu mpishe, watu wako tayari kuumizana ili wapate. Kampuni zako, kwa maelezo yako, zinakaribiana tu. Kwa hali hiyo kuna "neck and neck", msemo wa mbio za farasi wanaokwenda shingo sambamba: "The two companies are neck and neck in sales". Ukisema dog-eat-dog umezituhumu kwamba zinahujumiana, na tuhuma ndani ya ripoti hudai ushahidi.

Hata ushahidi ukiwepo, mimi nisingeuweka msemo huu katika ripoti rasmi. Una ladha ya mazungumzo. "Ruthless competition" inabeba ukali uleule na inakaa vizuri zaidi.

Tena, ukikutana na "doggy-dog world", usiige. Ni kosa la waliousikia msemo bila kuuona umeandikwa, na programu ya kukagua tahajia huweza kulipitisha, maana kila neno peke yake limeandikwa sawasawa.